Foronya, bangili, taa ya kopo au kitabu cha kitenge: rafiki ako umtengenezee nini?

Una rafiki. Anaolewa, au kapata uhamisho, au kajifungua, au umemmisi tu, na umeshaamua safari hii hununui seti ya glasi ambayo atapewa na watu wengine wanne, unataka kumtengenezea kitu kwa mkono wako. Hapo wengi tunakwama, na wala sio kwenye kutengeneza, ni kwenye kuchagua. Usiku unaangalia video moja, asubuhi uko mjini unanunua vifaa, jioni unaona video nyingine nzuri zaidi, wiki imeisha na sherehe ni Jumamosi.

Mi nakaa Igoma hapa Mwanza na kwa miaka kadhaa sasa nawatengenezea marafiki zangu vitu, na vinne ndo narudia kila mara: foronya ya kudarizi, bangili ya shanga yenye jina, taa ya kopo lililotobolewa, na kitabu cha kumbukumbu chenye jalada la kitenge. Vyote vimewahi kumfurahisha mtu mpaka akalia, na vyote vimewahi kwenda kwa mtu ambaye havikumfaa. Kwa hiyo naviweka hapa kimoja kimoja kwa vipimo vilevile, we uangalie rafiki ako anakaa wapi.

Tunapima kwa nini

Cha kwanza ni muda na mkono, maana yake siku ngapi zinahitajika na ujuzi kiasi gani. Masaa ntakayotaja ni ya mtu wa kawaida anayefanya jioni akitoka kazini, sio fundi. Cha pili ni hela, na bei zinapanda na kushuka kila mwezi kwa hiyo ntakwambia tu hela inaishia wapi. Cha tatu ni hiki ambacho kwangu mimi ndo kizito kuliko vyote: yeye anaonekana wapi kwenye hiyo zawadi. Cha nne ni safari na maisha yake, yani itafikaje na itadumu vipi ikishafika. Alafu mwisho nasema inamfaa nani.

Hicho cha tatu nikifafanue kidogo. Watu wanafikiri zawadi inakua ya mtu ukishaandika jina lake juu, na jina kweli ni zuri, ila jina lake hata fundi wa mihuri anaweza kuandika. Kitu ambacho fundi hawezi ni kile unachokijua we peke ako. Chukua jina kama Kabula, ni jina la Kisukuma la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Ukimdarizia "Kabula" umeandika jina, ukimdarizia matone madogo ya mvua pembeni ya foronya bila hata herufi moja, umemwambia kwamba siku ile alipokusimulia jina lake lilikotoka ulikua unamsikiliza.

Foronya ya kudarizi

Foronya za kudarizi wengi tumezikuta kitandani kwa mama na bibi, zina maua kona moja na maneno ya "Lala salama" au "Usingizi mwema", zinatolewa mgeni akija. Kwa hiyo unapompa mtu foronya humpi kitu kigeni, unampa kitu ambacho tayari kina heshima nyumbani kwao.

Muda na mkono: hii inakula jioni nyingi. Jina la herufi sita, herufi za urefu wa sentimita tatu hivi, kwa mshono wa mnyororo, ule wa vitanzi vinavyofuatana, linanichukua jioni mbili, ukiongeza maua na majani weka wiki nzima. Mkono sio mgumu, mshono wa mnyororo na mshono wa nyuma, ule ambao sindano inarudi nyuma kidogo kila hatua, ukijua viwili hivyo umeweza kuandika jina lolote duniani, ila unataka utulivu kwa sababu herufi iliyopinda inaonekana. Uzi wa kudarizi ule wa kawaida unakuja nyuzi sita zimekaa pamoja, usishone na zote sita, toa mbili au tatu, herufi zitatoka laini.

Kuna mambo matatu ambayo mtu hakuniambia mwanzoni na yaliniharibia kazi. Kitambaa cha pamba, iwe amerikani au shuka, kifue kwanza kabla hujadarizi, kwa sababu pamba inasinyaa, na ikisinyaa baada ya kudarizi inakunja jina lote. Uzi mwekundu uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na kipande cheupe uone kama unatoa rangi, foronya ya kwanza niliyompa rafiki yangu ilirudi ya pinki baada ya kufuliwa na alinificha miezi mingi asiniumize. La tatu, usiweke jina katikati. Mtu analalia hapo, anaamka na jina lake limejichora shavuni. Weka upande wa mdomo wa foronya, pale kichwa hakifiki, na mafundo ya nyuma yafiche vizuri yasikwaruze.

Hela: ndogo. Foronya ya kawaida ya sentimita 50 kwa 70 unashona jozi kutoka kwenye kitambaa kidogo, nyuzi za rangi nne tano zinatosha, sindano na ile fremu ya duara unanunua mara moja unakaa nayo. Hela ya kweli hapa ni macho yako na umeme wa jioni.

Anaonekana wapi: kwenye picha na maneno. Unaweza kuandika msemo mnaotaniana nao wenyewe tu, ukaweka herufi kwa mwandiko wake mwenyewe, mi niliwahi kuchukua barua ya zamani aliyoiandika marehemu mama yake rafiki yangu nikanakili saini yake kwa karatasi ya kaboni nikaidarizi vilevile ilivyo. Sijawahi kutoa zawadi nyingine iliyofika mbali kama ile.

Safari na maisha: inakunjika, haivunjiki, haina uzito, unaweza kumpa mtu yeyote anayepanda meli ya Nansio, kule Ukerewe, akaiweka chini ya begi. Inadumu miaka ikifuliwa kwa mkono bila jiki.

Inamfaa nani: anayeanza nyumba, aliyejifungua, mama mkubwa, rafiki aliye mbali. Haimfai sana mtu anayeishi hosteli watu wanne chumba kimoja, pale foronya nyeupe haina maisha marefu, wala mtu mliojuana juzi, maana kitu cha kitandani kina ukaribu fulani ndani yake.

Bangili ya shanga

Muda na mkono: jioni moja, tena fupi. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Kupima tu ndo kazi: zungushia uzi mkononi mwa mtu mwenye ukubwa kama wake, ongeza sentimita moja au moja na nusu, hapo umepata urefu. Bangili ya urefu wa sentimita 16 inakula shanga 40 za milimita nne, au 20 tu zikiwa za milimita nane, kwa hiyo ukijua namba hiyo hununui pakiti tatu bure.

Hela: ndogo, isipokua kwenye herufi. Zile pakiti za herufi mchanganyiko zina Q na X za kutosha kufungulia shule, wakati majina yetu yanakula A tu. Asha, Amina, Kabula, Rahma, Anastazia, hesabu mwenyewe. Ukipata duka linalouza herufi kwa kuchagua nunua A na I nyingi uweke akiba, la sivyo utafungua pakiti mbili kwa ajili ya bangili moja.

Uzi ndo jambo ambalo sisi watu wa ziwani tuko vizuri. Duka lolote la zana za uvuvi lina nailoni ya mshipi ya unene mbalimbali, imara kuliko uzi wowote wa duka la urembo. Ila nailoni haivutiki, kwa hiyo bangili yake inataka kifungio, na fundo lake linateleza, zungusha mara mbili kabla ya kukaza. Lastiki ni rahisi kuvaa lakini inalegea, uivute vuta kabla hujaanza kupanga shanga ili ilegee ikiwa bado mikononi mwako, ukifunga dondoshea tone la supagluu kwenye fundo.

Anaonekana wapi: kwenye rangi zaidi kuliko jina. Rangi za timu yake, rangi za kitenge cha sare ya sendofu yake, shanga moja tofauti kwa kila mtoto wake. Angalizo moja la kwetu: bangili na mkufu mpe yeyote, shanga za kiunoni ni habari nyingine kabisa, zina maana yake, hasa mtoaji akiwa mwanaume, usije ukasema kitu ambacho hukukusudia.

Safari na maisha: inaingia kwenye bahasha. Maisha yake ni ya kati, ya lastiki ikivaliwa kila siku usitegemee ifike mwaka, ya nailoni inaenda zaidi. Nyumba yenye mtoto anayetambaa kuwa makini, ikikatika zile shanga zinaenda mdomoni.

Inamfaa nani: marafiki wengi kwa mkupuo, wanafunzi, kundi la kwaya, wadada kumi wa kicheni pati. Haimfai anayefanya kazi ya mikono majini, mama wa samaki pale Kirumba ataivua asubuhi na jioni ataisahau ilipo.

Taa ya kopo

Hii wengi hawaifikirii na inanishangaza, kwa sababu mji wetu una mtaa mzima, Makoroboi, uliopata jina kwa koroboi, zile taa ndogo za mafuta ya taa ambazo mafundi walitengeneza kwa makopo na mabati chakavu. Wazo ni rahisi: kopo la maziwa ya unga au la nyanya, unalitoboa matundu kwa msumari yanayochora jina au picha, unaweka mshumaa ndani, umeme ukikatika jina lake linaonekana kwa mwanga.

Muda na mkono: siku mbili, lakini kazi yenyewe ni saa moja na nusu. Siri iko kwenye barafu. Ukigonga msumari kwenye kopo tupu linabonyea, kwa hiyo unalijaza maji, unaacha sentimita mbili juu kwa sababu barafu inatanuka, unaliweka kwenye friza usiku kucha, asubuhi unalaza juu ya taulo na kugonga. Kama huna friza au umeme wa mtaani kwenu sio wa kuaminika, shindilia mchanga mbichi mpaka ukaze, au tafuta kipande cha gogo kinachoingia ndani. Kwanza bandika karatasi uliyochora nukta, ziachane nusu sentimita hivi, zikikaribiana sana bati linapasuka zikaungana. Kopo la soda usilitumie, ni jembamba mno. Ukingo wa juu ukunje kwa plaizi au upitishe msasa, mkono wa rafiki ako usikatike siku ya kwanza.

Hela: karibu bure, kopo unalo, msumari wa inchi mbili unao, nyundo unaazima. Ukitaka mkono wa waya uliokaa vizuri au mfuniko wa kofia, mafundi wa bati wanakufanyia kwa hela kidogo na bado kazi ya jina inabaki yako.

Anaonekana wapi: hapa picha inashinda maandishi. Mtumbwi, samaki, ule mwamba wa Bismarck ukiuchora kwa nukta kila mtu wa Mwanza anautambua hata akiwa Mtwara.

Safari na maisha: ni gumu ila linabonyea, kwenye buti la basi la Dar, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, liweke ndani ya boksi umelijaza nguo, na mshumaa utoe uufunge peke yake kwa sababu buti linapata joto na mshumaa unalainika. Likilowa linaota kutu, kwa hiyo barafu ikishayeyuka likaushe juani hapohapo, nje pakaa vanishi, ndani usipake kitu kinachoweza kushika moto.

Na hapa niseme kwa nguvu, kwa sababu sote huku tunalala kwenye chandarua. Taa yenye mshumaa haikai chumbani karibu na neti wala pazia, na haiachwi inawaka mtu amelala. Bati lenyewe linapata moto, likae juu ya kisosi au sakafu. Nikimpa mtu taa hii namwandikia maneno hayo kwenye kikaratasi nakiweka ndani, na kama nyumba ina watoto wadogo badala ya mshumaa naweka kitaa kidogo cha betri, mwanga wa matundu ni uleule.

Inamfaa nani: mwenye baraza, mwenye duka la chakula, kaka au rafiki wa kiume ambaye bangili na foronya hujui utamkabidhi vipi. Haimfai anayeishi chumba kimoja na watoto watatu, isipokua ya betri.

Kitabu cha kumbukumbu chenye jalada la kitenge

Muda na mkono: kazi ya mkono ni jioni mbili, kazi ya kukusanya ni wiki tatu. Karatasi kumi za A4 ukizikunja katikati unapata kurasa 40, unatoboa matundu matatu kwenye mkunjo, unashona kwa uzi mnene, umemaliza kitabu. Jalada ni boksi gumu vipande viwili, kitenge kinazidi sentimita mbili au tatu kila upande ili kikunjwe ndani. Tumia gundi nyeupe, gundi ya uji wa ngano inashika vizuri lakini inaita mende na ikipata unyevu inaota ukungu, na mvua za Novemba huku kwetu unyevu upo wa kutosha. Ukishabandika kandamiza chini ya vitabu vizito usiku kucha, usipofanya hivo jalada linajikunja kama chapati.

Kinachochosha ni watu. Unawaandikia marafiki kumi na wawili kwenye WhatsApp kwamba kila mmoja anitumie kumbukumbu moja na picha moja, watatu wanajibu siku hiyo, watano unawakumbusha mara nne, wengine wanatuma usiku wa kuamkia sherehe. Anza mapema sana na wape tarehe ya uongo, wiki moja kabla ya ile ya kweli.

Hela: ndo ghali ya zote nne, na yote iko kwenye picha. Printa ya wino ya steshenari ni rahisi ila tone la maji tu na uso unayeyuka, picha za studio zinagharimu zaidi na zinakaa. Bora picha nane za studio kuliko 30 za wino. Kitenge chenyewe mara nyingi ni bure, muombe fundi cherehani mabaki.

Anaonekana wapi: kila ukurasa. Na kitenge ndo pa kuwekea akili yako yote, tafuta kipande cha sare mliyovaa kwenye sendofu yake au msiba wa baba yake au mahafali, fundi aliyeshona mara nyingi bado ana kipande. Mtu akishika jalada anajua kabla hajafungua.

Safari na maisha: kizito kidogo, kinaogopa maji, kwa meli ya Ukerewe au boti yoyote kifunge kwenye nailoni mara mbili. Kwa Sengerema na Geita siku hizi parseli inafika siku hiyohiyo bila wasiwasi wa foleni ya kivuko, tangu daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Kikitunzwa mbali na unyevu kinawazidi maisha vyote vitatu.

Inamfaa nani: anayehama kabisa, anayestaafu, aliyefiwa, aliyemaliza chuo pale Malimbe na kundi linatawanyika mikoani. Haimfai mtu ambaye marafiki zake huwajui.

Sasa we uko wapi kati ya hizi

Sherehe ni kesho kutwa na huna kitu: bangili, usijaribu foronya, ukidarizi kwa haraka itaonekana na utajuta. Una siku tatu na friza: taa ya kopo.

Una wiki mbili na rafiki ni mmoja, wa damu kabisa: foronya jozi, moja yake moja ya mwenzie kama anaolewa. Usiandike majina yao yote mawili kwenye kila moja, mpe kila mtu lake na kitu chake.

Una mwezi, na mnamjua wengi: kitabu, ila hakikisha kuna mtu wa pili wa kukusaidia kukumbusha watu.

Hela haipo kabisa mwezi huu: taa au foronya kutoka shuka safi la zamani, pamba iliyofuliwa sana inapendeza kudarizi na haisinyai tena.

Ni mwanaume na ni rafiki wa kawaida: taa, au kitabu kidogo cha kurasa tupu chenye jalada la kitenge, bila picha, akiandikie mahesabu yake ya dukani.

Hujui anapenda nini: usitengeneze kwanza. Mtembelee, kaa nae nusu saa, angalia kitanda, angalia mikono yake, angalia mwanga wa nyumba yake jioni na ukutani amebandika nini.

Na kama ni aliyefiwa, mi ningesubiri. Wiki za mwanzo nyumba ina watu na vyombo na maturubai na hakuna mtu ana macho ya kuangalia kitu, peleka chakula tu. Baada ya arobaini, watu wakishaondoka na simu zimepungua, hapo ndo umpelekee kitabu, mkae mfungue pamoja.